TAHADHARI: Gambuti za watoto zinazouzwa mtandaoni masika haya

Wazazi wenzangu wa Dar, hasa tunaoishi mabondeni huku Kigogo, Mburahati na kando ya Mto Msimbazi, someni hili kabla hamjatuma hela ya gambuti kwa muuzaji msiyemjua.

Mvua ilipoanza kukaza, niliona Instagram ukurasa unaouza gambuti za watoto, za njano, zenye macho ya chura kwa mbele. Elfu 25 jozi moja, elfu 45 jozi mbili, na kuletewa bure. Nina watoto wawili, mmoja darasa la kwanza na mwingine la nne, na njia yao ya shule inavuka mfereji unaofurika kila masika. Nikaandika, wakajibu papo hapo, kwa heshima kabisa: "Karibu dada." Sharti lilikuwa moja tu, nilipe kwanza, kwa sababu mzigo unagombaniwa. Namba ilikuwa ya mtu binafsi, na jina lililotokea kwenye simu halikuwa la duka. Niliona. Nikalipa hivyo hivyo, maana siku hiyo wanangu walikuwa wamerudi shule wamelowa mpaka magotini na mdogo anatetemeka.

Boda alifika saa mbili usiku, mvua inamwagika. Mfuko umezungushiwa selotepu kuanzia juu mpaka chini. Nikataka kuufungua mbele yake, akasema, "Mama nalowa, kama kuna shida ongea na bosi." Nikamwonea huruma, akaenda zake. Baadaye nimeongea na kina mama watatu walionunua hapo hapo. Wote mzigo uliwafikia usiku, mvua inanyesha, umefungwa vile vile. Mtego upo hapo. Yule kijana wa boda simlaumu, yeye kabeba alichopewa.

Nikafungua. Rangi ile ile ya kwenye picha, lakini plastiki yenyewe nyembamba na kavu, inanuka kama mafuta ya taa. Ya mdogo imeandikwa 30. Mguu wake una sentimita 18, nami nilipopima ndani ya kiatu nikapata 17 na nusu. Ya mkubwa ikamwingia. Kesho yake akaenda nayo shule, siku ya pili ikapasuka pale juu ya vidole kiatu kinapojikunja mtu akitembea. Alirudi soksi zimejaa maji ya tope, vidole vimekuwa vya njano kwa rangi iliyochuja. Soli ilikuwa imebandikwa kwa gundi tu, nikaivuta kwa mkono ikatoka yote, na chini ya unyayo nikakuta kipande cha boksi kimelowa kama uji.

Nikatuma picha. Wakasoma, kimya. Nilipoandika tena nikakuta nimezuiwa. Siku tatu baadaye picha zile zile za chura zilikuwa kwenye ukurasa mwingine, jina jipya, sehemu ya maoni imefungwa. Ndiyo maana sitaji jina hapa. Ukilishika jina, kesho wana lingine. Shikeni mwenendo wao.

Najua wapo watakaosema ni viatu tu. Mwezi Julai 2022 kule Lindi watu walikufa, na Wizara ya Afya ikathibitisha kuwa ni homa ya mgunda. Vimelea vyake hutoka kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwemo, vinakaa kwenye maji na tope, na vinapenya kwenye ngozi yenye mchubuko. Mifereji yetu ina panya, ina chupa zilizovunjika. Kiatu kinachovuja kinamfungia mtoto maji hayo mguuni kutwa nzima, na mama yake nyumbani anajua kamkinga.

Sasa nimenunua Kariakoo, mkononi, jozi moja moja kadiri hela ilivyoruhusu. Mama mmoja muuzaji pale alinifundisha nisichokijua. Likunje buti mpaka ncha ikaribie shingo yake, kisha liachie. Zuri linarudi lenyewe bila kuacha mstari mweupe. Tazama soli inapokutana na buti: likiwa limemiminwa pamoja huoni gundi. Mwambie mtoto ajaribu akiwa na soksi nene, na mbele ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba chako. Usinunue kubwa sana ili "akue nalo", maana kisigino kinapanda na kushuka, ngozi inachubuka, na mtoto anajikwaa akikimbia. Nyumbani mimi nililijaza maji nikaliweka juu ya gazeti kwa nusu saa. Gazeti lilibaki kavu. Jioni tunaanika kivulini, magazeti yamesokomezwa ndani, kwa sababu jua kali linalikausha mpaka linapasuka, na likivaliwa bichi fangasi hawakosi.

Na hata likiwa zuri, gambuti si la kuvukia maji yanayokwenda kasi. Maji yakiingia kwa juu linakuwa zito kama jiwe mguuni. Wangu nimewaambia: mfereji ukifurika, rudini nyumbani, shule mtaenda kesho.

Kama ni lazima ununue mtandaoni, lipa mzigo ukiwa umeufungua, hata kama boda analowa. Mkaribishe ndani asubiri. Mwombe muuzaji video ya buti lenyewe likikunjwa, huku akitaja jina lako. Muuzaji wangu nilipomwomba jozi ya tatu kwa namba nyingine, nikataka video hiyo, hakujibu tena.

Aliyekwisha kutuma hela na hajapata mzigo, apigie mtandao wake wa simu sasa hivi, asingoje kesho, na namba ya tapeli aitume 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu. Ya tapeli wangu nimeshaituma. Kina mama watatu niliowataja tunakwenda polisi Jumatatu na risiti za miamala na buti zenyewe. Kama na wewe uliuziwa zile za macho ya chura, usizitupe. Niandikie inboksi twende pamoja.