Kufukuzwa kazi kwa maneno Marekani: serikalini na kampuni binafsi

Marekebisho ya Kwanza ya Katiba (1791), yanayolinda uhuru wa kusema, yanaifunga serikali, hayamfungi mwajiri binafsi. Hapo ndipo wengi hukosea.

Mtumishi wa umma ana kinga, lakini ina masharti. Tangu kesi ya Pickering (1968), mahakama huuliza kwanza kama alizungumzia jambo la umma, kisha hupima maslahi yake dhidi ya utendaji wa ofisi. Aliyoyasema kama sehemu ya majukumu yake hayalindwi (kesi ya Garcetti, 2006). Mwaka 1987 karani wa ofisi ya konstebo aliyesema kuwa Rais Reagan akishambuliwa tena, anatumaini watampata, alishinda kesi kwa kura 5 dhidi ya 4. Kauli ile ilichukiza, na kinga hupimwa kwa kauli za namna hiyo hasa.

Kampuni binafsi inaweza kumfukuza mtu karibu kwa kauli yoyote, isipokuwa mkataba au sheria ya jimbo, kama ya California inayolinda shughuli za kisiasa za mfanyakazi, izuie. Mazungumzo ya wafanyakazi kuhusu mishahara hulindwa na sheria ya taifa ya kazi ya 1935.

Vyama vyote viwili vikuu, Democratic na Republican, huita adhabu "matokeo" ikimpata mpinzani, na "udhalimu" ikiwapata wao: mkuki kwa nguruwe. Kabla ya kuhukumu, badilisha jina la chama, acha maneno yaleyale. Hukumu yako ikibadilika, ulikuwa unatetea chama.