Wameshanizoea: safari yangu ya kumi na mbili na kampuni ileile ya meli

Nimeshuka melini wiki mbili zilizopita na begi moja bado halijafunguliwa, kwa hiyo haya nayaandika yakiwa ya moto. Ilikuwa safari yangu ya kumi na mbili na kampuni moja ya meli za kitalii, ambayo sitaitaja, na kwa mara ya kwanza nilishuka ngazi bila kugeuka kuitazama meli. Mke wangu ndiye aliyeliona hilo. "Baba Neema, leo huiagi?" Sikuwa na jibu.

Walioniuliza tangu nirudi wanataka kujua kama bado inafaa. Kwa anayekwenda mara ya kwanza, inafaa sana. Meli ni safi, chakula kingi, watoto wana michezo yao, na asubuhi unaamka umo bandarini bila kuhangaika na mabasi wala mabegi. Kwa sisi wa siku nyingi, habari ni nyingine.

Tulianza nao mwaka 2009. Mpango wao wa wateja wa kudumu ulikuwa rahisi kuliko hata kadi ya maktaba: kila usiku unaolala melini ni pointi moja, ukichukua vyumba vya fahari ni mbili, pointi zinajikusanya, unapanda daraja. Faida zenyewe zilikuwa ndogo tu. Unapanda meli mapema bila kupanga foleni ndefu, unapewa mfuko mmoja wa nguo za kufuliwa bure, na jioni unakunywa glasi mbili tatu katika ukumbi wa wateja wa kudumu. Hakuna aliyetajirika kwa hayo. Ila kulikuwa na watu wanaokujua. Safari yetu ya nne, kwenye meli tofauti kabisa na ya tatu, mhudumu mmoja wa baa alimletea mke wangu maji ya moto yenye limau na tangawizi kabla hajaagiza. Walikuwa wamekutana miezi kumi na minne kabla, bahari nyingine. Mimi hapo ndipo waliponinasa, kama mnataka kujua.

Sasa nije kwenye safari hii. Usiku saba, Bahari ya Mediterania, meli ya abiria wapatao elfu tatu. Siku ya kwanza tunaingia chumbani tunakuta bahasha mbili kitandani, kila moja ina jina la mtu. Yangu ilinishukuru kwa kurudi, na ndani mlikuwa na beji ndogo ya chuma ya daraja langu. Beji hiyohiyo nilipewa safari iliyopita na ile iliyotangulia, kwa hiyo sasa ninazo tatu zinazofanana kama mayai. Ya mke wangu, ambaye amelala nami chumba kimoja safari zote kumi na mbili, ilimkaribisha kama mgeni anayesafiri na kampuni kwa mara ya kwanza na kumweleza namna ya kujiunga na mpango wa wateja.

Tulicheka. Nikashuka mapokezi, binti wa pale akatazama kompyuta, akaomba radhi kwa adabu zote, akasema italetwa barua nyingine. Kweli ililetwa siku ya sita, imepigwa chapa kwenye karatasi nzuri zaidi. Ilimkaribisha kama mgeni anayesafiri na kampuni kwa mara ya kwanza.

Najua mtasema ni barua tu. Sawa. Twende ukumbini.

Ukumbi wa wateja wa kudumu uko sitaha ya juu, mlango wake unafunguliwa kwa kadi ya chumba, ndani mna viti kama arobaini. Zamani ukiingia saa kumi na mbili jioni unakuta watu kumi na watano, mnasalimiana, mnaulizana habari za meli zilizopita. Siku hizi waliofika madaraja ya juu ni mamia katika safari moja, maana sote tumekaa nao miaka, na viti ni vilevile arobaini. Jioni ya pili nilikuta kamba imefungwa mlangoni na kijana ameshika tableti. Mbele yangu alisimama bwana mmoja mtu mzima sana, mkongojo mkononi, na beji ya daraja lililo juu ya langu. "Samahani mzee, ukumbi umejaa," kijana akamwambia, "lakini vinywaji vyako viko kwenye kadi, unaweza kuvichukua baa yoyote." Yule mzee akauliza, "Na viti viko kwenye kadi?" Kijana akatabasamu, kwa kuwa hakuelewa au kwa kuwa alielewa vizuri. Mzee akageuka akaenda zake polepole hadi kwenye lifti.

Hilo nimelibeba hadi nyumbani. Kinywaji mtu anaweza kukinunua popote. Kilichokuwa kinatolewa pale ni mahali pa kukaa na watu wanaokufahamu, na kampuni imekihesabu kama glasi.

Usafi wa vyumba nao. Kabla ya janga la 2020 chumba kilisafishwa mara mbili, asubuhi na jioni, na jioni unakuta taulo lililokunjwa kwa umbo la tembo au nyani linaning'inia. Meli ziliporudi baharini 2021, kampuni kadhaa, na hii yangu ikiwemo, zilipunguza ikawa mara moja kwa siku. Mhudumu wa chumba anakuuliza siku ya kwanza: asubuhi au jioni? Anayedhani mhudumu amepumzika amekosea. Wetu aliniambia, kwa sauti ya chini huku anakunja shuka, kwamba sasa ana vyumba vingi zaidi ya alivyokuwa navyo zamani. Na bakshishi ya kila siku inayokatwa moja kwa moja kwenye akaunti ya abiria imepanda, haikushuka. Sina ugomvi na kumlipa yule kijana, nilimwongezea nyingine mkononi. Ugomvi wangu ni kuambiwa kwamba mabadiliko haya yameletwa "kwa ajili ya faragha yako". Usiku wa nne tulimkuta tembo kitandani, masikio yake ni taulo ndogo za uso. Hatukumwambia mtu.

Chakula nitakipitia haraka. Usiku wa mavazi rasmi kamba koche bado yupo, mkia mmoja bure, wa pili unalipia. Zamani ulikula hadi ukaona haya mwenyewe. Chakula cha kuletewa chumbani nacho kina malipo sasa, isipokuwa kifungua kinywa chepesi. Haya si makubwa na sitayalilia.

Wala si kila kilichoondolewa kilikuwa kizuri. Zoezi la usalama, kwa mfano. Tangu meli ya kitalii ya Costa Concordia ilipopinduka Januari 2012 na watu 32 wakafa, mazoezi hufanywa kabla meli haijaondoka, badala ya ule utaratibu wa zamani wa ndani ya saa 24, na hilo ni sawa kabisa. Ila ilikuwa lazima msimame sote kwa pamoja kwenye sitaha, jua kali, watoto wanalia, hadi mtu wa mwisho atoke baa. Sasa unatazama video kwenye simu, unakwenda kituo chako cha dharura muda unaokufaa, wanaipitisha kadi yako, mmemalizana. Intaneti nayo, tangu meli zianze kutumia setilaiti za Starlink, ni ya kweli. Safari ya 2012 nililipia dakika na sikuweza kufungua hata barua pepe moja.

Na Venice sitawalaumu. Serikali ya Italia ilizuia meli kubwa kupita mfereji wa Giudecca, ulio ndani ya mji huo, kuanzia Agosti 2021, na ni haki yao. Lakini kwenye tangazo la safari yetu neno VENICE lilikuwa kwa herufi kubwa na Ravenna, ambako ndiko meli inatia nanga, kwa herufi ndogo chini yake, na kati ya miji hiyo miwili kuna zaidi ya saa mbili za basi. Sisi wazoefu tulijua. Familia tuliyokaa nayo meza moja hawakujua.

Na hiyo familia ndiyo iliyonimaliza. Mume na mke na binti yao, wageni kabisa wa mambo ya meli, watu wazuri. Usiku wa tatu mazungumzo yakafika pale yanapofika siku zote, kwenye bei. Yule baba akasema walichopewa: punguzo la wateja wapya, kifurushi cha vinywaji kwa wazazi wote wawili, intaneti ya chumba kizima, na bakshishi ya wiki imelipwa tayari. Chumba chenye roshani, sitaha moja na yetu. Akaniuliza kwa heshima, "Na nyinyi wa siku nyingi, lazima mnapata zaidi?" Mke wangu akanikanyaga mguu chini ya meza. Punguzo letu la uaminifu lipo, lakini kwa masharti yao haliunganishwi na ofa nyingine yoyote, kwa hiyo ukilitumia unazikosa zile ofa, na ukichukua ofa ni ile anayopewa yeyote mwenye simu. Kwa chumba cha aina moja tulilipa zaidi ya wao. Nikamjibu kwamba sisi hupewa beji.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe ninalo tangu zamani, na sikuwa nalalamika kulima.

Kinachoniuma kina tarehe. Machi 2020 meli zote zilisimama. Sisi tulikuwa na safari ya Aprili, tayari tumeilipia yote. Kampuni ikatupa chaguo mbili: kurudishiwa pesa zote, au kuziacha kwao na kuhesabiwa asilimia 125 kwa safari ya baadaye. Waliofikiri kwa utulivu walichukua pesa zao. Sisi tuliziacha, bila kujua kama meli itarudi kusafiri au itauzwa chuma chakavu, kwa sababu tulipokea barua iliyosema sisi ni familia. Ilikuwa na jina la mke wangu, limeandikwa sawasawa. Zile zilikuwa siku ambazo makampuni haya yalikopa hadi shingoni. Kampuni ya Carnival pekee ilifikisha deni la zaidi ya dola bilioni 30, na safari kubwa kutoka bandari za Marekani hazikurejea hadi Juni 2021. Wakati huo kila aliyeacha pesa zake alikuwa na maana.

Leo meli zimejaa. Mwaka 2019 waliosafiri kwa meli za kitalii duniani walikuwa milioni 29.7, mwaka 2024 wamefika milioni 34.6. Makampuni yanatangaza meli kujaa kwa zaidi ya asilimia 100, na si uongo, kwani kila chumba huhesabiwa watu wawili, watoto wakilala vitanda vya juu hesabu inapita. Meli iliyojaa hivyo haina haja ya kumbembeleza mtu ambaye atarudi hata asipobembelezwa. Na wageni wa mara ya kwanza, wakishavutwa kwa bei, hununua mengi ndani: picha, matembezi ya bandarini, kasino. Sisi wakongwe tunajua kwamba Napoli unaweza kushuka ukatembea mwenyewe kwa miguu.

Mashirika ya ndege yalishapita njia hii. Delta na United yaliacha kuhesabu maili alizoruka mteja mwaka 2015 yakaanza kuhesabu pesa alizotumia. Kwenye meli, Carnival ilitangaza mwaka 2025 kwamba kuanzia Juni 2026 daraja la mteja litategemea anachotumia badala ya siku alizosafiri. Watu walikasirika sana. Mimi, baada ya safari hii, naona angalau hao wamesema. Ya kwangu bado inahesabu usiku kwa usiku kama mwaka 2009, ila ngazi ninayopanda haifiki mahali.

Nami nina sehemu yangu katika hili, nisijitoe. Kila safari, siku ya tano, huwa nakwenda kwenye meza ya kuweka nafasi za safari zijazo na kuacha amana ya safari nyingine. Mara kumi na moja mfululizo nimefanya hivyo. Safari hii nilipofika, dada aliyekuwa pale akalisoma jina langu kwenye kioo cha kompyuta, akaniuliza, "Kama kawaida, bwana?" Fomu ilikuwa imeshajazwa: chumba chenye roshani, watu wawili, kadi ileile ya benki. Pengo pekee lilikuwa mahali pa sahihi. Hakuniuliza safari ilikuwaje. Nikamwambia nitarudi kesho yake, naye akaiweka fomu kando bila wasiwasi wowote, juu ya rundo la fomu nyingine zilizojazwa.

Sikurudi. Nawapa nyota tatu kati ya tano, na mbili kati ya hizo ni za yule kijana wa taulo. Tumeshalipia usiku saba kwa kampuni nyingine, ambako mimi na mke wangu sote wawili tutakuta barua kitandani zinazotukaribisha kama wageni wa mara ya kwanza, na safari hii zitakuwa zimesema kweli.