Kipimo cha Saratani ya Utumbo Kinachokuja kwa Posta

Hapa England, mtu aliyesajiliwa kwa daktari wa mtaa hutumiwa na NHS, yaani huduma ya afya ya umma, kipimo cha saratani ya utumbo mpana kila baada ya miaka 2, tangu afikishe umri wa miaka 50 hadi 74, bila malipo yoyote. Kipimo cha zamani kilidai vipande vya choo cha siku 3 tofauti. Hiki cha sasa, kilichoanza kutumika mwaka 2019, hutosheka na mara moja.

Ndani ya bahasha mna kichupa ambacho kifuniko chake kimeungana na kijiti, mfano wa chupa ya wanja. Kijiti hupitishwa juu ya haja kubwa mpaka vifereji vyake vijae, kisha hurudishwa kichupani na kusukumwa hadi kilie. Sharti ni kwamba choo kisiguse maji, na kwa kuwa kifurushi hakina chombo cha kukingia, sisi tuliolelewa na kopo la maji msalani hulazimika kufikiri kidogo. Mimi nilitumia mkebe mtupu wa majarini, nikaandika tarehe, nikatia posta, na jibu likanifikia kabla ya wiki 2 kwisha.

Kinachotafutwa ni damu isiyoonekana kwa macho. Katika kila watu 100, takriban 98 huambiwa hawahitaji uchunguzi zaidi. Waliobaki huitwa kufanyiwa kolonoskopia, yaani kuchunguzwa ndani ya utumbo kwa kamera ndogo, na wengi wao hawakutwi na saratani, ila huweza kuondolewa vinyama ambavyo baadaye vingegeuka kuwa saratani. Hata hivyo, jibu zuri halimzuii mtu kumwona daktari akiona damu chooni.

Kwa urahisi ninakipa nyota 5, ingawa bahasha yangu ya kwanza ilikaa juu ya friji miezi minne, kwa sababu sikuwa nikiumwa na niliamini kupimwa ni kwa wagonjwa. George Alagiah, mtangazaji wa BBC aliyefariki mwaka 2023, aligunduliwa ugonjwa huu ukiwa umeshaenea, naye alihimiza England ianze kupima watu wakiwa na miaka 50, kama Scotland, badala ya 60 kama ilivyokuwa wakati huo.

Shemeji yangu, ambaye ameshatupa bahasha mbili, alicheka nilipomweleza haya kwa simu: "Yaani choo changu nikitie posta, shemeji, na mtu akifungue?" Wiki iliyopita alipiga tena, kwa sauti ya chini, akiuliza mkebe wa majarini uoshwe kwa sabuni au maji matupu yanatosha.