Ute wa kutu kisimani: nunua dawa kabla ya chujio

Ukifunua tangi la choo ukakuta ute wa rangi ya kutu umeng'ang'ania kuta zake, au maji ya kwanza asubuhi yananuka kama kinamasi, usikimbilie kununua chujio. Yaelekea kisima kimeingiwa na bakteria wa chuma. Hawa huishi kwa kugeuza chuma kilichoyeyuka majini kuwa kutu, na ute wanaouacha huziba pampu, mabomba, hata hilo chujio lenyewe. Kwa kawaida hawaleti ugonjwa, ila ute wao huwapa makazi vijidudu wengine, wakiwemo wanaotoa harufu ya mayai viza. Maji yakiwa na utando unaong'aa kama mafuta, uguse kwa kijiti: mafuta hujiunga tena, utando wa bakteria huvunjika vipande vipande.

Namba moja kwangu, bila kusita, ni klorini: dozi kubwa, mara moja. Chagua ya kimiminika isiyo na manukato wala sabuni, na usome tarehe, kwa sababu ikikaa sana hupungua nguvu. Lenga miligramu 200 kwa kila lita. Kwa klorini ya asilimia 5, hiyo ni lita 4 kwa kila lita 1,000 za maji. Kisima cha duara chenye upana wa mita 1 na maji ya kina cha mita 3 kina takriban lita 2,360, hivyo kitahitaji lita 9 na nusu. Klorini ya chenga ya asilimia 65 hutosha gramu 300 kwa lita 1,000. Tia chenga kwenye ndoo ya maji, kamwe usimwagie maji juu ya chenga. Mimina dawa kisimani, kisha fungua kila bomba la nyumba mpaka unuse klorini, funga, uache saa 12 hadi 24. Kisha mwaga maji hayo nje, mbali na mimea na shimo la maji machafu, mpaka harufu iishe. Kabla ya hapo asinywe mtu.

Usisahau brashi ya mpini mrefu. Watu wengi huiona si kitu, kumbe ndiyo inayoipa dawa njia: ute mnene huwakinga bakteria walio ndani, na klorini huishia juu juu. Ni vizuri pampu ing'olewe na mabomba yake yasuguliwe. Ute ukishakuwa mgumu, fundi mwenye ujuzi anaweza kutumia asidi, lakini asidi na klorini zisikutane hata kidogo, maana hutoa gesi inayoua.

Bakteria hawa ni wasumbufu, hurudi. Wakirudi kila baada ya miezi michache, sasa fungua mfuko kwa namba mbili: pampu ndogo inayotia klorini kidogo kidogo, tangi la kuyatuliza maji kwa dakika 20 hivi, kisha chujio la kunasa kutu na la mkaa la kuondoa ladha ya dawa. Ni ghali, na dawa lazima ijazwe kila mara, lakini kwa kisima sugu sioni mbadala wake.

Mtambo wa kupuliza hewa naupa nafasi ya tatu. Huondoa chuma vizuri, ila hauui bakteria, na ute huweza kuota ndani yake. Mashine ya kulainisha maji na vichujio vya katriji (kopo la kuchujia linalobadilishwa likijaa uchafu) vifuate baadaye sana. Vikitangulia, huziba upesi. Taa ya urujuanimno, inayoua vijidudu kwa mwanga, iwe ya mwisho kabisa, kwa kuwa kutu hupaka kioo chake na mwanga haupiti.

Ukishanunua pampu mpya, simamia kazi mwenyewe. Fundi asilaze mabomba chini kwenye udongo, na kila kinachoshuka kisimani, kamba ikiwemo, kipitishwe kwanza kwenye maji ya klorini.