Nilivyompeleka Mama kwa wakili kuandika wosia

Baba alifariki bila wosia. Akaunti yake ya benki ilikaa zaidi ya mwaka haiguswi, huku sisi tukizunguka na cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo na tangazo la mahakama ya mwanzo. Mara moja tulirudishwa kwa sababu jina la katikati lilipishana herufi moja na la kitambulisho. Tangu msiba ule Mama akawa analala na hati ya nyumba chini ya mto. Alipotimiza miaka 74, akili zake zikiwa timamu kabisa, tukamtafutia wakili hapa Moshi.

Kilichoniudhi siku ile ndicho ninachomsifia leo. Tulipokaa tu, wakili akaniomba mimi na kaka yangu tutoke. "Mteja wangu ni mama," akasema. Ada nalipa mimi, nikaona amenidharau. Tulikaa kwenye benchi la koridoni kwa saa nzima. Sasa nashukuru, maana wosia ulioandikwa huku watoto wamemzunguka mzee unapingika kirahisi.

Mama hajui kusoma, kwa hiyo kwa sheria za kimila alihitaji mashahidi wanne: wawili wa ukoo na wawili wasio wa ukoo, wote wawepo kwa pamoja. Wakaja mjomba, mama mdogo, mzee wa kanisa na jirani yetu Mwislamu. Mrithi hatakiwi kuwa shahidi, hivyo sisi tukarudi kwenye benchi letu. Mama mdogo alinisimulia baadaye kwamba wakili alisoma taratibu, na alipofika kwenye shamba ambalo Mama alinunua kwa biashara yake ya mitumba pale soko la Memorial, Mama akamkatisha: "Mpaka ni mfongo, siyo njia," yaani ule mfereji wa maji ya kumwagilia. Ukachapwa upya ukurasa mzima, ukasomwa tena, ndipo akaweka dole gumba.

Wakili alisema wazi pia kwamba wosia hauondoi kwenda mahakamani. Msimamizi aliyetajwa lazima athibitishwe kwanza. Jirani alipouliza kuhusu wao Waislamu, akajibiwa kuwa kwa Mwislamu wosia hauvuki theluthi moja ya mali, na mrithi haachiwi kitu kwa wosia. Kinachobaki kinagawiwa kwa mafungu ya mirathi.

Upande wa fedha sikuridhika. Tulikubaliana shilingi 150,000, mwishoni ikaongezwa 60,000 ya kuchapa na mihuri, na risiti nilipewa baada ya kuidai mara mbili. Mwambie wakili akuandikie bei yote kabla hamjaanza. Tena hakutugusia kabisa suala la kuutunza. Ni mzee wa kanisa aliyetuambia kwamba RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, wanapokea na kuhifadhi wosia, na Mama akaupeleka huko.

Mimi na kaka hatujui nani ameachiwa nini. Hati ya nyumba imerudi kabatini.