Baiskeli mbili juu ya gari dogo la michezo: Thule ProRide kwenye njia za Mtwara na Lindi

Mwenye Toyota 86, Subaru BRZ au Celica anajua tabu yenyewe. Ukilaza siti za nyuma na kuvua matairi, baiskeli moja inaingia, na kitambaa cha ndani kinabaki na grisi ya cheni. Ya pili haina pa kukaa. Keria ya kuning'iniza nyuma inaegemea buti na mikanda yake inasugua spoila, halafu inaziba taa na namba ya gari, na hapo utasimamishwa na trafiki kwa haki kabisa. Inabaki paa. Paa la gari la aina hii ni fupi, lakini liko chini, takriban mita 1.3 kutoka ardhini, na hiyo ni faida ambayo mwenye Noah hana: baiskeli unaiinua hadi usawa wa kifua tu, bila kupanda ngazi wala kukanyaga siti.

Keria tunayoipima hapa ni Thule ProRide 598, reli yenye mkono unaoshika fremu ya baiskeli iliyosimama na matairi yake yote mawili. Haifungwi peke yake. Chini yake panahitajika mihimili miwili ya kukingama paa, miguu minne, na seti ya kulabu na raba zilizokatwa kwa umbo la gari lako. Wengi huagiza reli, wakalipa, kisha ndipo wanagundua kuwa wamenunua nusu ya kitu. Anza na kulabu. Ikiwa orodha ya mtengenezaji haina gari lako, usiendelee kununua.

Uzito upigiwe hesabu mapema. Reli moja ni kilo 4.2, zikiwa mbili ni 8.4. Mihimili na miguu tuseme kilo 8. Baiskeli mbili za gia za kilo 13 kila moja ni 26. Jumla inazidi kilo 42 kidogo. Kitabu cha gari kikiruhusu kilo 50 juu ya paa, uko salama. Weka baiskeli mbili za Phoenix zenye keria ya nyuma, stendi na madigadi, na kila moja inafika kilo 20 bila shida. Jumla inapita 56 na umevuka kikomo. ProRide yenyewe haikubali baiskeli inayozidi kilo 20, kwa hiyo Phoenix ivuliwe keria yake ya nyuma na stendi kwanza, ipimwe kwenye mizani, na ipande moja tu.

Jambo linaloleta matatizo mengi kwenye magari haya ni milango. 86 na BRZ zina milango isiyo na fremu juu ya kioo. Kioo chenyewe ndicho kinachokwenda kuegemea raba ya paa. Kulabu la mguu wa keria linapita hapohapo, kati ya raba na bati. Kulabu la gari jingine likiwa nene kwa milimita mbili tatu tu, kioo kitaligonga kila unapofunga mlango, na mvua ya Machi itapata njia ya kushuka hadi kwenye siti. Kupima ni rahisi. Ukishafunga miguu, weka kipande cha karatasi kati ya kioo na raba, funga mlango taratibu, kisha vuta karatasi. Ikitoka bila kukwama, raba haijabana na maji yatapita. Rudia kwa kila sentimita kumi kuelekea kwenye kulabu na upande wa pili wake.

Kwa sababu hiyo hatushauri keria zinazokuja zimefungwa juu ya magari ya mtumba kutoka Japani. Utaona mihimili ya INNO au TERZO, mizuri, alumini safi, bei ya kuvutia. Mihimili haina kosa, ila kulabu zake zilikatwa kwa gari lililokuja nazo. Kumpelekea fundi wa kuchomelea azikunje upya ni hatari, maana chuma kikishapashwa moto na kukunjwa kinapoteza ugumu wake, na rangi ya kuzuia kutu imeshaungua. Keria za mabomba wanazochomelea mafundi wetu nazo zina mahali pake, juu ya Hiace za zamani zenye mifereji ya maji pembeni mwa paa. Gari la michezo halina mifereji hiyo.

Sasa nafasi kati ya mhimili wa mbele na wa nyuma. Keria nyingi za baiskeli zinataka angalau sentimita 60 hadi 70. Kwenye gari la milango miwili miguu yote minne inabidi ikae juu ya uwazi wa mlango, na uwazi wenyewe una mteremko kuelekea nyuma. Ukisogeza mguu wa nyuma ili upate sentimita nyingi zaidi, unafika mahali paa linapoanza kushuka, mguu unakaa mshazari, na baada ya kilomita hamsini unakuta umeteleza. Vipimo vya mtengenezaji vifuatwe kama vilivyo, kwa tepu, kuanzia kona ya juu ya kioo cha mbele. Kukadiria kwa jicho hakufai hapa. Reli ina urefu wa sentimita 145, hivyo itachomoza mbele na nyuma ya mihimili. Hilo ni kawaida. Kwenye Celica, ambayo mlango wake wa nyuma unafunguka pamoja na kioo, hakikisha unapofunguka haupigi tairi la nyuma la baiskeli. Ukipiga, sogeza reli mbele kidogo, au toa mizigo ya buti kabla ya kupandisha baiskeli.

Ufungaji unachukua kama saa moja kwa mara ya kwanza. Osha paa na sehemu za raba kwa maji na sabuni, kausha. Chembe moja ya mchanga wa pwani ikibaki chini ya raba ya mguu itakwangua rangi hadi kwenye bati, na bati la Mtwara halisubiri mwezi kuota kutu. Kaza miguu kwa zamu: kushoto mizunguko michache, kulia mizunguko michache, hadi spana iliyokuja na keria ionyeshe kuwa imefika. Ukimaliza upande mmoja kwanza, mhimili unavutika upande huo na reli hazitanyooka.

Kupandisha baiskeli kwenyewe ni sekunde chache, na hapa ndipo ProRide inapostahili sifa. Inua mkono, weka matairi ndani ya reli, taya zinapokea bomba la chini la fremu, lile linalotoka kwenye pedali kwenda kwenye usukani. Kirungu cha kukazia kiko chini, usawa wa reli, si juu kwenye taya, kwa hiyo hulazimiki kunyoosha mkono juu ya paa. Kikifika kiasi chake kinaanza kuruka kwa mlio wa tak-tak na hakikazi zaidi. Kwa fremu ya kaboni hilo ni muhimu mno, na hata hivyo kaboni iwekewe kinga ya raba inayouzwa pekee. Mikanda ya matairi ivutwe mpaka tairi lisitikisike, si mpaka libonyee tu. Kisha shika baiskeli kwenye tandiko uisukume kwa pembeni kwa nguvu. Gari zima linapaswa kuyumba nayo. Ikiyumba baiskeli pekee, kuna nati haijakaza. Itafute kabla ya kuwasha injini.

Taya zinapokea bomba la duara la kuanzia milimita 22 hadi 80, kwa hiyo bomba jembamba la Phoenix halina shida. Baiskeli ya kike iliyopinda katikati ndiyo inayosumbua, kwa sababu bomba lake liko chini sana na taya hukutana na waya za breki au kava la cheni. Usilazimishe.

Baiskeli mbili zikielekea mbele, usukani wa moja hugonga tandiko la nyingine. Paa ni jembamba, hakuna pa kuzitawanya. Dawa yake ni kusogeza reli moja mbele ya nyingine kwa sentimita 10 au zaidi, kuweka ndefu upande mmoja na fupi upande wa pili, na kushusha tandiko moja. Alama ya rangi kwenye fimbo ya tandiko itakurudishia kimo chako bila kupima.

Vua chupa ya maji, pampu, mfuko, na hasa kiti cha mtoto, ambacho kwa upepo ni tanga la ngalawa. Upepo wenyewe kwenye njia ya Mtwara hadi Lindi si wa kupuuza. Msimu wa kusi unapiga kutoka kusini na kusini-mashariki, na ukitoka kwenye minazi ya Mikindani kuingia sehemu wazi unalipata pigo la ubavuni ghafla. Gari jepesi lenye baiskeli mbili zilizosimama linahama kidogo kwenye mstari wake. Kilomita 80 kwa saa inatosha. Nguvu ya upepo inaongezeka kwa mraba wa mwendo: ukitoka 80 kwenda 110 unaifikisha karibu mara mbili, na yote inabebwa na kulabu nne.

Vijijini ni 50 na matuta. Spring za gari la michezo ni ngumu, tuta ambalo Noah inalimeza hapa linapanda moja kwa moja hadi kwenye mihimili. Vuka kwa mwendo wa miguu, tairi zote mbili za mbele kwa pamoja, si mshazari, maana mshazari ndio unaozipinda keria. Simama Mikindani, kilomita kama kumi tu kutoka mjini, ukague miguu minne na mikanda. Raba mpya hujibana katika mwendo wa kwanza na kulegeza nati. Kagua tena njia panda ya Mnazi Mmoja, ambako wa Masasi wanaachana na wa Lindi. Baada ya hapo, kila unaposimama kwa mafuta.

Urefu kutoka ardhini sasa unafika mita 2.5 hivi. Pima na uandike kwenye karatasi mbele ya usukani. Kinachovunja baiskeli mara nyingi ni matawi ya miembe na mikorosho barabara za mtaani, geti la gesti, na lile jengo la kuegesha gari nyumbani unaloliingia kila siku bila kufikiri. Baadhi ya watu hufunga kitambaa chekundu kwenye usukani kila baiskeli zinapokuwa juu. Tunaunga mkono.

Njia ya vumbi ni habari nyingine. Gari lililo chini namna hii halina kazi kwenye mchanga wa Msimbati, iwe na keria au bila. Matumizi bora ya chombo hiki ni kufika lami inapokwisha, kuegesha mahali penye mtu wa kuangalia, na kuendelea kwa pedali. Kwenye makorongo ya changarawe keria haivunjiki mara moja, ila inalegea.

Keria za kunyonya kwa vikombe vya raba, kama SeaSucker, zinavutia kwa gari lisilo na kulabu zake sokoni. Hazihitaji mlango wala mihimili, na kila pampu ina mstari wa rangi ya machungwa unaojitokeza hewa ikianza kuingia. Zinataka rangi laini, safi na ya kiwandani. Gari lililopigwa rangi upya gereji si mahali pake, kwani kikombe kinaweza kuondoka na rangi. Kwa vumbi la huku, kila kikombe kisafishwe kila safari na mstari uangaliwe kila kituo. Kwa asiyetaka kazi hiyo, ProRide ndiyo sahihi.

Chumvi ya bahari inakula mahali alumini inapokutana na skrubu za chuma. Paka grisi nyembamba kwenye nyuzi za skrubu, suuza reli kwa maji baridi ukirudi kutoka ufukweni, na shusha keria nzima wiki ambazo huitumii. Itakupunguzia na mluzi wa upepo. Mihimili mitupu ikipiga mluzi, rudisha raba ya kuziba mfereji wa juu kwenye sehemu zisizo na reli.

Kufuli za ProRide zinafunga baiskeli kwenye reli na reli kwenye mhimili. Kufuli za miguu ya mihimili zinunuliwe pia, la sivyo mtu atabeba kila kitu kwa pamoja. Zinazuia mkono wa haraka, hazizuii msumeno, kwa hiyo usiku gesti baiskeli zilale ndani. Cha kwanza kuchoka kwa jua letu ni mikanda ya matairi: ukiona meno yake yamepauka na kupasuka pembeni, badilisha yote minne kwa pamoja, na agiza seti ya akiba tangu siku unaponunua keria, kwa sababu kuisubiri kutoka Dar es Salaam ni siku ambazo baiskeli zitakaa chini.