Kijitabu cha vitenzi vya Kiebrania: sura ya shamar ndiyo inayokibeba

Kijitabu hiki cha fotokopi, kinachouzwa kwenye steshenari moja hapa Dodoma mjini, kina sura moja nzuri kweli: ile ya shamar, kitenzi cha kulinda au kutunza. Kinaanza na mzizi, sh-m-r, kisha kinapanga maana kwa mifano: kuitunza bustani (Mwanzo 2:15), kuishika Sabato (Kumbukumbu la Torati 5:12), na kulinda. Zaburi 121 peke yake inautumia mzizi huo mara 6 ndani ya aya 8. Mzizi ukiingia umbo la nifali (mnyambuliko ambao mara nyingi ni wa kutendwa au kujitendea), yaani nishmar, maana inageuka kuwa kujihadhari.

Kosa la wanaoanza nalo limeelezwa vizuri. Yishmor, yaani "atalinda", haitafutwi kwenye kamusi chini ya yod, herufi ya "y" inayoanza neno hilo. Ondoa kiambishi kwanza, kama ambavyo "atalinda" huitafuti kwenye A.

Tatizo ni uchapaji. Herufi moja husomwa "sh" (shin) au "s" (sin) kwa kutofautishwa na nukta tu: ya shin hukaa juu kulia, ya sin juu kushoto, na nakala nyingine zimeifuta nukta hiyo kabisa, basi msomaji anabaki kubahatisha. Fungua ukurasa wa alfabeti kabla ya kulipa. Majibu ya mazoezi hayamo.